Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi aliyeupima msuguano

Lori lililosheheni saruji linaposimama katikati ya mlima, kisha dereva akaanza kuachia klachi taratibu, uzito wote wa gari na mzigo hutegemea diski moja iliyobanwa kati ya vyuma viwili. Mwanzoni diski huteleza, hutoa joto na pengine harufu ya kuungua. Kisha hushika, na nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu. Kuteleza na kushika hutokea kwenye nyuso zilezile, lakini nguvu zake si sawa, na anayebuni klachi hulazimika kuzijua zote mbili kabla kiwanda hakijakata chuma. Hesabu anayoitumia ilipatikana zaidi ya miaka 100 kabla ya gari la kwanza la petroli, katika bandari ya kijeshi ya Rochefort, magharibi mwa Ufaransa. Aliyeipata alikuwa ofisa wa jeshi mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika na ambaye jina lake lilikuwa bado halijavuma.

Leo jina la Charles-Augustin de Coulomb hutajwa zaidi katika masomo ya umeme, kwa kuwa kipimo cha chaji ya umeme kinaitwa kulomu kwa heshima yake. Umaarufu huo umeifunika kazi iliyomfungulia mlango wa Chuo cha Sayansi cha Paris, nayo ni kazi ya mbao, chuma, kamba na mafuta ya wanyama.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1736 mjini Angoulême. Baba yake, Henry, alikuwa mtumishi wa serikali katika shughuli za kodi na mali ya mfalme. Mama yake, Catherine Bajet, alitoka katika ukoo wenye uwezo. Familia ilihamia Paris, na huko kijana akapata elimu nzuri. Mama alitaka mwanawe awe tabibu. Mwana alitaka hisabati. Ugomvi huo ulikua hadi mama akamkatia msaada wa fedha, na wakati huohuo baba alikuwa amepoteza mali yake katika biashara za kubahatisha na kurudi kusini, Montpellier. Coulomb alimfuata huko. Jumuiya ya wanasayansi ya mji huo ilimpokea mwaka 1757 akiwa na umri wa miaka 20, naye akasoma mbele yao insha zake za mwanzo za hisabati na falaki.

Insha hazikumpatia riziki. Kwa kijana asiye na urithi, jeshi lilikuwa njia mojawapo ya kuishi kwa hisabati, na mwaka 1760 aliingia shule ya kifalme ya wahandisi wa kijeshi huko Mézières, kaskazini mwa nchi. Shule hiyo ilikuwa ndogo na mlango wake mwembamba, lakini iliheshimiwa Ulaya nzima. Ilifundisha hesabu, na pia ilifundisha kuchonga mawe, kupima ardhi na kukadiria gharama za ngome. Alihitimu mwaka 1761 akiwa luteni na kupelekwa Brest.

Februari 1764 ilibadili maisha yake, na ilitokea kama bahati mbaya. Mhandisi aliyeteuliwa kwenda kisiwa cha Martinique aliugua. Coulomb alikuwa karibu, akapewa nafasi ile. Waingereza walikuwa wamekiteka kisiwa hicho mwaka 1762 na kukirudisha mwaka uliofuata kwa mkataba wa Paris, na serikali ya Ufaransa haikutaka kukipoteza tena. Ilikuwa koloni la miwa, na utajiri wake ulitoka katika jasho la Waafrika waliotekwa na kufanywa watumwa. Juu ya kilima kinachoutazama mji wa Fort-Royal, ambao leo unaitwa Fort-de-France, ilipangwa kujengwa ngome kubwa, Fort Bourbon. Kazi ya kuijenga ilimwangukia luteni ambaye hadi hapo hakuwa amejenga kitu chochote kikubwa.

Alikaa huko miaka 8. Alisimamia mamia ya wafanyakazi, akachimba mwamba, akasimamisha kuta za kuzuia udongo, akainua mawe kwa kapi na kamba katika joto na mvua za kitropiki. Yale aliyofundishwa Mézières yalianza kumpungukia. Kanuni za vitabuni zilichukulia kwamba kamba hukunjika bila kushindana na mkono, kwamba ekseli huzunguka bila kuzuiwa, na kwamba udongo husukuma ukuta kama maji yanavyosukuma boma. Kilimani hapo kamba nene ilikuwa ngumu kama ubao, ekseli ziliungua, na ukuta uliojengwa kwa kanuni hizo ama ulitumia mawe kupita kiasi au uliinama. Tofauti kati ya hesabu na kazi ililipwa kwa fedha za mfalme, na mara nyingine kwa miili ya watu.

Homa zilimwandama. Aliugua mara kadhaa, na hakupata tena afya yake kamili maishani. Aliporudi Ufaransa mwaka 1772 alikuwa na umri wa miaka 36, na alichokileta zaidi ya maradhi kilikuwa rundo la madokezo aliyoyaandika kwa matumizi yake mwenyewe kazini.

Madokezo hayo ndiyo yaliyozaa insha aliyoiwasilisha kwa Chuo cha Sayansi mwaka 1773 na kuchapishwa mwaka 1776. Ndani yake alieleza jinsi nguzo inavyovunjika, jinsi tao linavyosimama, na jinsi udongo ulio nyuma ya ukuta unavyoporomoka. Aliona kwamba udongo hushikiliwa na vitu viwili: mshikamano wa chembe zenyewe, na msuguano kati ya tabaka linalotaka kuteleza na lile lililobaki chini yake. Kadiri tabaka linavyobanwa na uzito, ndivyo msuguano unavyoongezeka. Wahandisi wanaopima uthabiti wa miteremko na kingo za barabara, ikiwa ni pamoja na zile za milima ya eneo la Maziwa Makuu ambako mvua za masika huleta maporomoko, bado wanaanzia kwenye jumla hiyo ya mambo mawili. Wakati ule wachache waliielewa. Insha ilikuwa fupi mno kwa wingi wa mambo yaliyomo, na ilipita karibu nusu karne kabla ya kusomwa kwa makini.

Jeshi lilimhamisha huku na huko: Bouchain, Cherbourg, Besançon. Mwaka 1777 aligawana tuzo ya Chuo na mwanasayansi wa Uholanzi, van Swinden, kwa kubuni dira bora zaidi. Ushauri wake ulikuwa kuining'iniza sindano kwenye uzi mwembamba wa hariri, kwa sababu ncha ya chuma inayoibeba sindano ina msuguano, na msuguano huo huificha nguvu ndogo inayotafutwa. Adui alikuwa yuleyule wa Martinique, safari hii katika umbo dogo lisiloonekana kwa macho.

Mwaka huohuo wa 1777 Chuo kilitangaza shindano jingine. Waliohitajika ni watu wa kueleza nadharia ya mashine sahili kwa kuzingatia msuguano wa sehemu zake na ugumu wa kamba, na sharti lilikuwa kwamba majaribio yafanywe kwa ukubwa halisi na matokeo yafae kwa matumizi ya jeshi la majini. Insha zilizoletwa mwaka 1779 hazikuridhisha. Tuzo iliongezwa maradufu na shindano likaahirishwa hadi 1781. Sharti hilo la ukubwa halisi liliwafungia nje wanahisabati wengi wa vyumbani. Coulomb alikuwa ndiyo kwanza ametumwa Rochefort kusaidia ujenzi wa ngome ya mbao karibu na kisiwa cha Aix, na karibu yake palikuwa na karakana za meli zenye mbao, vyuma, mafundi na mizigo ya kila uzito.

Waliomtangulia hawakuwa wajinga. Mwaka 1699 Guillaume Amontons alikuwa ametangaza mbele ya Chuo kwamba msuguano hukua kwa uwiano na uzito unaobana, na kwamba ukubwa wa eneo linalogusana haubadili kitu. Kauli ya pili iliwashangaza wasomi, na wengi hawakuiamini. Lakini Amontons alitumia vifaa vidogo, na kati ya kifaa cha mezani na meli inayoshushwa majini kuna masafa marefu ambayo hakuna aliyekuwa ameyavuka kwa vipimo.

Coulomb alitengeneza meza imara ya mbao nzito, akaweka juu yake kibao cha kuburuta kama sleji, akakifunga kamba iliyopita kwenye kapi na kubeba uzito upande wa pili. Alipakia kibao kuanzia paundi makumi machache hadi zaidi ya 2,000. Alijaribu mwaloni juu ya mwaloni, mwaloni juu ya msonobari, chuma juu ya mbao, shaba juu ya mbao, chuma juu ya chuma, chuma juu ya shaba. Alijaribu nyuso kavu, kisha nyuso zilizopakwa mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe. Alibadili ukubwa wa eneo hadi mguso ukabaki kama mstari mwembamba. Alibadili mwendo. Na alifanya jambo ambalo wengi kabla yake hawakulipa uzito: alipima muda ambao kibao kilikaa kimya kabla ya kuvutwa, kuanzia nusu sekunde hadi siku 4.

Jibu la mwisho huo ndilo lenye utajiri zaidi. Mbao mbili zilizolazwa pamoja hushikana zaidi kadiri muda unavyopita. Baada ya dakika chache mshiko hufikia kilele na kusimama. Vyuma viwili hushikana mara moja na muda hauongezi chochote cha maana. Chuma juu ya mbao huendelea kushikana polepole kwa siku kadhaa. Kisha, kibao kinapoanza kwenda, nguvu inayohitajika kukiendeleza hushuka, na kwa mbao kavu hushuka sana. Pigo dogo la nyundo kwenye kibao kilichotulia lilitosha kukiondoa mahali ambapo uzito uliokivuta ulikuwa haujaweza. Hivyo Coulomb alitenganisha waziwazi msuguano wa kuanzia na msuguano wa mwendo, na akaonyesha kwamba huo wa pili, katika hali nyingi, haubadiliki sana hata kasi ikiongezeka. Pale ulipobadilika, kama kwa chuma juu ya mbao, aliandika kwamba umebadilika. Hakuinyoosha hesabu ili ipendeze.

Klachi ya gari ni mtoto wa meza hiyo. Springi hukibana chuma cha kusukuma dhidi ya diski, na diski dhidi ya flaiwili. Nguvu ya mzunguko inayoweza kupita hutegemea ukali wa springi, kiwango cha msuguano wa nyenzo iliyogandishwa kwenye diski, umbali wa nyenzo hiyo kutoka katikati, na idadi ya nyuso zinazogusana. Upana wa nyuso haumo katika hesabu hiyo, kama Amontons alivyodai na Coulomb akathibitisha kwa mizigo mikubwa. Kwa sababu hiyo klachi ya pikipiki, ambayo ni ndogo kuliko sahani ya chai, huweza kufanya kazi yake: ndani yake mna pleti kadhaa zilizopangwa pamoja, na kila jozi ya nyuso huongeza sehemu yake bila springi kuongezwa nguvu.

Kwa nini basi diski ya lori ni pana? Kipenyo kikubwa hurefusha mkono wa nguvu, na eneo kubwa hugawa joto na uchakavu. Hapo ndipo kazi ya Coulomb inapoishia na ya wengine kuanza. Yeye alitafuta nguvu. Hakuandika kanuni ya namna nyuso zinavyolika. Kanuni inayotumika sana ya uchakavu ilikuja mwaka 1953 kwa kazi ya Mwingereza John Archard: kiasi kinacholika huongezeka kwa uzito unaobana na kwa urefu wa mtelezo, na hupungua kwa ugumu wa kitu chenyewe. Dereva anayelishikilia gari mlimani kwa klachi nusu, badala ya breki, anaurefusha mtelezo huo kila sekunde. Nyenzo hupata moto, msuguano wake hushuka, na diski iliyotengenezwa kudumu miaka huisha kwa miezi.

Tofauti kati ya kuanza na kwenda nayo imebaki kuwa taabu ya watengenezaji. Msuguano wa kuanzia ukizidi sana ule wa mwendo, diski hushika, huachia, hushika tena, mara nyingi kwa sekunde moja, na gari zima hutetemeka linapoondoka. Mafundi wa gereji huutambua mtetemo huo kwa kuusikia tu. Wanaobuni nyenzo za klachi hutafuta mchanganyiko ambao viwango hivyo viwili vinakaribiana kadiri inavyowezekana, na meza zao za majaribio, pamoja na kompyuta zake, bado hubana, huburuta na hupima muda.

Katika kueleza chanzo cha msuguano Coulomb hakufanikiwa vivyo hivyo. Aliifikiria mbao kama burashi mbili zilizoelekezewa nywele zake: nywele huingiliana zinapotulia, hulala zinapoburutwa. Picha hiyo ni nzuri kwa mbao na hafifu kwa chuma. Katika karne ya 20 watafiti wa Cambridge, Bowden na Tabor, walionyesha kwamba vyuma hugusana kwenye vilele vidogo vichache tu, ambavyo hugandana na kukatika, na kwamba eneo halisi la mguso hukua pamoja na uzito. Maelezo yakabadilika. Vipimo vya Rochefort havikubadilika.

Insha ilishinda tuzo mwaka 1781, na mwezi Desemba mwaka huo Coulomb akachaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi. Jeshi likamruhusu kuishi Paris. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alikuwa na makazi ya kudumu na muda wa utafiti, na ungetazamia kwamba angeulinda utulivu huo.

Mwaka 1783 alitumwa Brittany kukagua mipango ya mifereji na bandari. Mipango hiyo ilikuwa na watetezi wenye cheo na watu waliotarajia kunufaika nayo. Coulomb alipima, akahesabu, na kuandika kwamba gharama zingezidi manufaa. Watetezi walikasirika. Novemba mwaka huo alifungwa kwa wiki moja katika gereza la Abbaye mjini Paris. Aliomba kujiuzulu jeshini. Ombi likakataliwa, na akarudishwa Brittany kuangalia upya. Aliangalia upya na kuandika kilekile. Mwishowe baraza la jimbo lilitambua kwamba alikuwa ameliepusha na hasara kubwa, likataka kumzawadia kwa ukarimu. Inasimuliwa na waliomfahamu kwamba alikataa yote isipokuwa saa nzuri ya mfukoni yenye mshale wa sekunde, ambayo ilimfaa katika majaribio yake hadi mwisho.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyompa jina. Kutoka kwenye uzi wa dira alipata wazo la kutumia msokoto kama mizani. Mwaka 1784 alionyesha kwamba nguvu inayousokota waya huenda kwa uwiano na pembe ya msokoto, na mwaka uliofuata akaitumia mizani hiyo kupima jinsi vitu viwili vyenye chaji ya umeme vinavyosukumana: umbali ukiongezwa maradufu, nguvu hubaki robo. Insha 7 za umeme na sumaku zilifuatana hadi 1791. Habari hiyo imo katika kila kitabu cha fizikia cha sekondari na haihitaji kurefushwa hapa, ila kusema kwamba asingeweza kuipima nguvu ndogo kiasi hicho kama hangekuwa amekwisha kujifunza namna ya kuuondoa msuguano njiani.

Wakati huohuo alikuwa msimamizi wa maji na chemchemi za mfalme, na mwaka 1787 alikwenda Uingereza pamoja na tabibu Tenon kukagua hospitali, kwa kuwa Paris ilitaka kujenga mpya. Mapinduzi ya 1789 yalivunja kazi hizo moja baada ya nyingine. Alijiuzulu jeshini mwaka 1791. Chuo cha Sayansi kilifungwa Agosti 1793. Desemba mwaka huo aliondolewa katika kamati ya vipimo na mizani pamoja na Lavoisier, Laplace, Delambre, Brisson na rafiki yake wa siku nyingi, Borda, kwa hoja kwamba hawakuwa na bidii ya kutosha ya kijamhuri. Coulomb na Borda waliondoka Paris na kwenda kuishi mashambani karibu na Blois. Lavoisier alibaki, akakatwa kichwa Mei 1794.

Taasisi ya Ufaransa ilipoundwa mwaka 1795, Coulomb aliitwa kuwa miongoni mwa wanachama wake. Mojawapo ya kazi alizozisoma humo katika miaka hiyo haikuhusu umeme wala chuma. Ilihusu uchovu wa binadamu. Alitaka kujua mtu mzima mwenye afya anaweza kufanya kazi kiasi gani kwa siku, siku baada ya siku, bila kujidhuru. Alichunguza wachukuzi wanaopandisha kuni ngazini, wasukuma toroli, wachimbaji. Mwanahisabati Daniel Bernoulli alikuwa amefundisha kwamba uchovu hulingana na kiasi cha kazi kwa namna yoyote itakavyofanywa. Coulomb alionyesha kwamba sivyo, kwamba namna ya kubeba, uzito wa mzigo na mapumziko hubadili kila kitu. Alionya pia dhidi ya vipimo vya dakika chache. Mtu anayetazamwa na bosi hujikaza, na kipimo kinachopatikana kwa kujikaza kikigeuzwa kuwa kawaida ya siku nzima humwangusha.

Ndani ya insha hiyo Martinique ilirudi. Aliandika kwamba katika joto la kisiwa kile askari waliotoka Ulaya hawakuweza kufanya hata nusu ya kazi waliyoifanya kwao. Aliyasema hayo kama mtu aliyewahi kusimamia kazi hiyo na kuugua humohumo. Kuhusu Waafrika waliolazimishwa kufanya kazi katika joto lilelile bila kuhesabiwa mapumziko, insha yake haikufungua mjadala, na mkoloni aliyeisoma angeweza kuifunga bila kusumbuliwa. Ni pengo katika kazi ya mtu aliyezoea kupima kila kitu kilichokuwa mbele yake.

Alikuwa na wana wawili na Louise Françoise LeProust Desormeaux, mmoja aliyezaliwa mwaka 1790 na wa pili mwaka 1797. Walifunga ndoa mwaka 1802. Mwaka huo aliteuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa elimu ya umma, akasafiri majimboni kusimamia kuanzishwa kwa shule za lise. Safari hizo zilimchosha, na homa za zamani zilimrudia. Alifariki Paris tarehe 23 Agosti 1806, akiwa na umri wa miaka 70.

Mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881 ulilichukua jina lake kwa ajili ya kipimo cha chaji, na Gustave Eiffel akaliandika kwenye mnara wake pamoja na majina mengine 71. Insha ya msuguano ilichapishwa upya Paris mwaka 1821, injini za mvuke zilipokuwa zimeenea na kila mwenye kiwanda akitaka kujua mashine yake inapoteza nguvu kiasi gani. Miaka 10 baadaye, mjini Metz, ambako shule ya wahandisi ya Mézières ilikuwa imehamishiwa, ofisa aitwaye Arthur Morin alianza majaribio mapya akiwa na kibao cha kuburuta, mizigo mizito na chombo kilichochora mwendo wenyewe kwenye karatasi inayozunguka. Alijaribu mbao, vyuma, ngozi na mawe kwa miaka kadhaa. Majedwali aliyoyachapisha yalithibitisha yale ya Rochefort, na yakatumika viwandani hadi wakati magari ya kwanza yalipoanza kutengenezwa, yakiwa na mikanda na klachi za ngozi.